Dhamana Pande Mbili za Namanga: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Ziara ya Kubadilishana kwa Wanafunzi wa Sheria wa Tanzania na Kenya

Kijana akikamatwa Namanga kwa tuhuma za unyang'anyi wa kutumia silaha, neno la kwanza kutoka kwa ndugu zake ni dhamana. Jibu watakalopata linategemea amekamatwa upande gani wa geti. Upande wa Kenya, Ibara ya 49 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiwa kwa dhamana, isipokuwa ziwepo sababu nzito za kumnyima, na haibagui kosa. Upande wa Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inayataja makosa yasiyo na dhamana hata kidogo, na hilo limo. Kati ya majibu hayo mawili ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Nimeanza hapo kwa sababu ndipo ninapotaka na wewe uanzie. Mimi ni wakili hapa Arusha, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikivisaidia vyama vya wanafunzi wa sheria kuandaa ziara za kutembeleana na wenzao wa Nairobi. Nimeona ziara zilizowabadilisha vijana, na nimeona nyingine zilizoishia kwenye picha za pamoja mbele ya bendera. Nyingi za hizi za pili zilikuwa na fedha za kutosha. Kilichokosekana ni swali. Watu walisafiri kilomita zaidi ya 250 bila kujua wanakwenda kuuliza nini.

Zamani hapakuwa na haja ya ziara. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa cha Afrika Mashariki nzima, na Mkenya, Mganda na Mtanganyika walikaa dawati moja. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alisomea shahada yake ya kwanza ya sheria hapo. Nairobi ilianzisha kitivo chake mwaka 1970, mwaka ambao Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, na mwaka 1977 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki nayo ikafa. Tangu hapo kila nchi imejenga sheria yake kivyake, na mwanafunzi wa leo anaweza kumaliza shahada bila kusoma hata hukumu moja ya jirani.

Hatua ya kwanza: tafuteni swali moja

Miezi sita kabla ya safari, viongozi wa vyama viwili wakutane kwa simu na kuchagua swali moja la sheria ambalo nchi hizi mbili zimelijibu tofauti. Moja tu. Mkichagua "haki za binadamu Afrika Mashariki" hamjachagua kitu.

Yapo maswali mengi mazuri. Umri wa kuoa na kuolewa: Kenya iliweka miaka 18 katika Sheria ya Ndoa ya 2014, wakati Tanzania ina Sheria ya Ndoa ya 1971 na hukumu ya shauri la Rebeca Gyumi la kupinga vifungu vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya umri huo, iliyothibitishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2019. Matokeo ya urais: Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 41(7), inazizuia mahakama kuyachunguza, ilhali Mahakama ya Juu ya Kenya iliyafuta matokeo tarehe 1 Septemba 2017. Hili la pili lina moto, na kwa ziara ya kwanza nisingelipendekeza. Vijana wataanza kutetea nchi zao badala ya kusoma hukumu.

Pendekezo langu ni dhamana. Lina Katiba ndani yake, lina utaratibu wa mahakama, na unaliona likitendeka ukiingia mahakama yoyote ya hakimu Jumatatu asubuhi. Tena upande wa Tanzania lina historia ya kubishania. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha sehemu ya kifungu cha 148(5), kile kinachotaja makosa yasiyo na dhamana, kwa kuwa ilikuwa pana mno. Mwaka 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu chenyewe, na miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Mwanafunzi wa Kenya akizisoma hukumu hizo mbili za Rufani kwa mfululizo ataelewa namna tunavyofikiri kuliko akipewa mihadhara kumi.

Hatua ya pili: kalenda

Ziara nyingi huvunjikia hapa. Tafuteni almanaki za vyuo vyote viwili, kisha kalenda za mahakama, halafu mzioanishe. Mahakama Kuu ya Kenya huwa mapumzikoni kuanzia 1 Agosti hadi 15 Septemba, na tena kuanzia 21 Desemba hadi 13 Januari. Kwetu Mahakama Kuu hupumzika kuanzia 15 Desemba hadi mwisho wa Januari, kisha mwaka wa mahakama hufunguliwa kwa Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari. Mashauri ya dharura husikilizwa hata wakati wa mapumziko, lakini msiwapeleke wanafunzi 24 wakabahatishe.

Kwa Arusha mna kazi ya ziada. Mahakama ya Afrika Mashariki hukaa kwa vikao, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu hukaa vikao vinne vya kawaida kwa mwaka, ambavyo ndani yake siku za kusikiliza mashauri hadharani ni chache. Nje ya siku hizo utakuta jengo, maktaba na maofisa wakarimu, ila hutaona jaji akimhoji wakili. Tazameni orodha ya mashauri kwenye tovuti ya kila mahakama, na mkipanga tarehe, muwe nayo na ya akiba.

Jambo moja ninalolisisitiza kila mara: tarehe ya ziara ya marudio iandikwe kabla ya ziara ya kwanza kufanyika. Wageni wakisharudi kwao bila tarehe, mitihani itaingia, uongozi utabadilika, na hakuna atakayerudisha ugeni.

Hatua ya tatu: barua na watu

Chama cha wanafunzi hakisaini makubaliano na chuo cha nchi nyingine. Kinachofanyika ni mlezi wa chama kupeleka ombi kwa mkuu wa kitivo, naye mkuu wa kitivo ndiye anayeandika kwa mwenzake. Kwa ziara ya wiki moja barua mbili zinatosha: ya mwaliko na ya kukubali. Hati ya makubaliano kati ya vyuo ni nzuri, lakini hupita kwa wanasheria wa vyuo na inaweza kuchukua mwaka mzima. Msiisubiri.

Barua ya mwaliko iseme mambo matano bila kuzunguka: tarehe, idadi, nani analipa nini, wageni watalala wapi, na nani anawajibika mwanafunzi akiugua saa nane za usiku. Hili la mwisho huachwa nje kwa kuwa linaonekana kama kuomba mabaya. Liandikeni.

Idadi ninayoiona inafaa ni wanafunzi 12 kila upande. Wanakuwa jozi 12, na wote 24 pamoja na walezi wawili wanaenea kwenye Kosta moja, kwa hiyo mkiwa mjini mnatembea na gari moja na hakuna kundi linalopotea. Chagueni wengi kutoka mwaka wa pili. Najua wa mwaka wa nne wana hoja nzito zaidi, lakini wakati wa marudio watakuwa wamekwisha hitimu. Wala msichague kwa alama tupu. Mwombeni kila anayetaka kwenda aandike ukurasa mmoja kuhusu lile swali mlilochagua, kwa mkono wake, na msome zote.

Fedha: utaratibu uliodumu kuliko yote niliyoiona ni wageni kujilipia nauli na hati za safari, wenyeji kubeba malazi, chakula cha mchana na usafiri wa mjini. Marudio yakija, mnabadilishana. Hosteli za chuo wakati wa likizo fupi ni nafuu kuliko nyumba yoyote ya wageni. Michango ya wanafunzi ikusanywe bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi) likiingia, si wiki tatu baadaye. Mkienda kwa vyama vya mawakili, iwe cha Tanganyika, cha Kenya au cha Afrika Mashariki chenye makao hapa Arusha, ombeni kwanza wakili mmoja atakayetoa siku nzima kukaa na vijana. Ni ombi rahisi kukubaliwa, na lina faida kuliko fulana.

Hatua ya nne: faili

Hii ndiyo roho ya ziara, kwa hiyo nitakaa nayo.

Andikeni faili la kubuni la kurasa mbili, kwa Kiswahili. Letu lilikuwa hivi: dereva wa bodaboda mwenye miaka 24, mkazi wa Longido anakoishi na mama yake, ana mchumba na mtoto upande wa Kajiado. Anatuhumiwa kumnyang'anya mfanyabiashara fedha kwa kumtishia panga, usiku, mita chache kutoka mpakani. Hana rekodi ya kosa. Pikipiki ni ya mkopo. Kila jozi, Mkenya mmoja na Mtanzania mmoja, inaandaa maombi mawili: moja likidhani amekamatwa Kenya, la pili likidhani amekamatwa Tanzania. Sharti ni kwamba Mtanzania ndiye anayeandika la Kenya, na Mkenya anaandika la Tanzania. Mwenzake ni mwalimu wake.

Msiwaambie kwamba la Tanzania halina mlango. Waacheni waugonge. Msichana mmoja wa mwaka wa tatu kutoka Nairobi aliandika maombi mazuri ya kurasa nne: makazi ya kudumu, mama mgonjwa, mtoto mchanga, wadhamini wawili. Mwenzake, kijana wa Singida, aliyasoma yote kimya, kisha akaweka kidole kwenye kifungu na kumsogezea kitabu. Yule dada alisoma, akarudia, akauliza, "Kwa hiyo hakimu hata hasikilizi?" Kijana akamjibu kwamba hakimu hana mamlaka. Wakakaa pale mpaka jua linazama, si tena kuhusu mama wala mtoto, bali kuhusu nani anayepaswa kuamua: Bunge au hakimu. Hilo ndilo swali la Pete na Sanga, na walilifikia wenyewe.

Upande wa pili nao una mafunzo yake. Mtanzania anayeandika maombi ya Kenya hudhani kazi ni nyepesi kwa sababu haki ipo. Hapo hukutana na hizo "sababu nzito". Mshtakiwa ana mguu mmoja kila nchi: je, hatatoroka? Mwongozo wa dhamana na bondi (ahadi ya maandishi ya kulipa mshtakiwa asipofika mahakamani) ambao Mahakama za Kenya ziliutoa mwaka 2015 unampa pa kuanzia. Na akumbuke uzito wa kosa. Kule linaitwa wizi wa mabavu na adhabu iliyoandikwa ni kifo. Kwetu ni kifungo kisichopungua miaka 30.

Hukumu zote zinapatikana bure kwenye tovuti za TanzLII na Kenya Law. Jozi zianze kufanya kazi wiki tatu kabla ya safari, kwa WhatsApp, ili wakikutana stendi wawe tayari na jambo la kubishania.

Hatua ya tano: mpaka

Raia wa Kenya na Tanzania hawahitaji viza kutembeleana. Wanachohitaji ni hati halali. Pasipoti ya Afrika Mashariki ndiyo bora. Asiyenayo aombe Hati ya Dharura ya Safari kwa Uhamiaji, na Kenya nako kuna hati ya muda. Kitambulisho cha taifa peke yake kisikupe matumaini.

Kadi ya njano ndiyo huwatoa watu machozi. Chanjo ya homa ya manjano huhesabika kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchanjwa siku moja kabla ya safari hakukusaidii. Mwaka mmoja tulikuwa na kijana aliyeiacha kadi nyumbani. Wenzake walishagongewa mihuri, mizigo iko juu ya gari, na yeye amekaa kwenye benchi la maofisa wa afya anampigia dada yake amtumie picha. Picha haikukubaliwa. Tulichelewa saa tatu, na tukakosa kikao cha mahakama tulichokiombea ruhusa kwa miezi miwili. Tangu siku hiyo mlezi hukusanya pasipoti na kadi zote jioni ya kuamkia safari na kuzifunga kwenye bahasha moja.

Namanga ni kituo cha pamoja: unashughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili ndani ya jengo moja, la nchi unayoingia. Kila mmoja awe na nakala ya barua ya mwaliko, na akiulizwa anakwenda kufanya nini aseme ziara ya masomo ya wiki moja. Asijibu "kusoma". Anayekwenda kusoma huombewa pasi ya mwanafunzi, na mtajikuta mnaeleza mambo ambayo hayakuwahusu. Kuhusu gari, msikodi la kwenu livuke. Vibali na bima za kuvuka mpaka vitakula muda na fedha zenu. Pandeni basi la kawaida la Nairobi–Arusha, au mfike Namanga, mvuke kwa miguu na mpokewe na gari la wenyeji. Fedha badilisheni dukani au benki, si kwa vijana wanaowakimbilia na mabunda mkononi.

Hatua ya sita: mahakamani

Siku mbili kati ya tano ziwe za kukaa mahakamani, na ya kwanza iwe mahakama ya hakimu. Msianzie kwenye kumbi zenye zulia. Mwandikieni hakimu mfawidhi mapema, hata kama mahakama ni ya wazi, ili mpangiwe pa kukaa. Hapo wageni watasikia ile sentensi yetu: "Upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Wapeni zoezi la kuhesabu imesemwa mara ngapi, na katika mashauri ya aina gani mshitakiwa alirudi mahabusu. Watazame pia wadhamini: kwetu mdhamini ameshika barua ya mtendaji na kitambulisho cha NIDA, Nairobi wataona hati ya shamba au kitabu cha gari, au ndugu wanachangishana kwa M-Pesa koridoni kutimiza dhamana ya pesa taslimu. Ninawaambia vijana watazame nyuso za hao ndugu. Sheria ya dhamana inaishi pale.

Kisha mahakama za kimataifa. Kwa Mahakama ya Afrika, wanafunzi wa Kenya wawe wamesoma hukumu ya Waogiek ya tarehe 26 Mei 2017, ambapo nchi yao ilikutwa imekiuka haki za watu wa msitu wa Mau, pamoja na ile ya fidia ya Juni 2022. Watanzania wasome shauri la Ally Rajabu la 2019 kuhusu adhabu ya kifo ya lazima, na wajue kwamba mwaka huohuo serikali yetu iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja. Kwa Mahakama ya Afrika Mashariki zingatieni Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: muda wa kufungua shauri ni miezi miwili tu, na mashauri mengi yamezama hapo.

Simu zizimwe, si kunyamazishwa. Msirekodi, na msiandike mtandaoni lolote kuhusu shauri linaloendelea. Mshitakiwa mliyemwona ni mtu mwenye watoto wanaosoma shule, na jina lake lisitoke humo ndani kupitia simu zenu.

Hatua ya saba: lugha

Tengeni angalau kikao kimoja kizima cha Kiswahili. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama, na Katiba ya Kenya, Ibara ya 7, inakitambua kuwa lugha rasmi. Hata hivyo wote tunafundishwa sheria kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayechambua hukumu kwa ufasaha hushikwa na kigugumizi akitakiwa kumweleza mama wa Longido kwa nini mwanawe hatoki.

Kila jozi itengeneze orodha ya maneno yanayotofautiana. Mahakama ya Rufani kwetu, kwao ya Rufaa. Mwendesha mashtaka, kiongozi wa mashtaka. Mkurugenzi wa Mashtaka, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mshitakiwa, mshtakiwa. Sisi husema shauri pale wao wanaposema kesi, na ibara ya Katiba wengi wao huiita kifungu. Bondi kwao ni neno la kila siku, huku utaeleza. Orodha ya jozi 12 ikiunganishwa inakuwa kamusi ndogo ambayo wakili yeyote wa mpakani angeilipia.

Siku ya mwisho fanyeni mahakama ya kuigiza kwa lile faili, kwa Kiswahili, mbele ya hakimu mstaafu au wakili. Mtanzania asimame kwa sheria ya Kenya, Mkenya kwa ya Tanzania, kama walivyoandika.

Wanaotaka muhula mzima

Hili ni jambo jingine, nami nitasema mawili tu. Kwanza, pateni kwa maandishi, kabla ya kuondoka, kwamba chuo chenu kitazihesabu krediti za masomo mtakayochukua. Neno la mdomo la mhadhiri halitawasaidia mbele ya ofisi ya mitihani. Pili, Mkenya anayetarajia kuingia Kenya School of Law, chuo cha kuwaandaa mawakili, ahakikishe muhula huo haumkoseshi lolote kati ya masomo 16 ya lazima, na kwamba somo alilosoma Dar es Salaam lina maudhui yanayolingana, si jina tu. Achukue mhtasari wa somo uliogongwa muhuri na kuutunza.

Baada ya kurudi

Wapeni jozi wiki sita kuandika makala moja ya pamoja, kurasa zisizozidi nane, kuhusu swali lile. Zikipita wiki sita, hawaandiki tena. Mlezi wa kila upande asome zote na azirudishe zikiwa na maoni, kwa kuwa vijana hawa wamevuka mpaka wakiamini kuna mtu atakayesoma.

Halafu fungueni faili la chama, la karatasi, likae ofisi ya kitivo. Ndani yake wekeni nakala za barua zote, hesabu halisi za kila shilingi, faili la dereva wa bodaboda, kamusi ya maneno, na ukurasa mmoja wa makosa mliyofanya. Mkabidhini mwanafunzi wa mwaka wa pili kwa jina na saini, mbele ya mlezi, pamoja na tarehe ya marudio.